Jumapili Yako ya Jumamosi

Mama,

Shikamoo. Sitasubiri uitikie, ila sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Ni mimi Kabula, mke wa mwanao Fidelis. Naandika nikiwa juu ya dungu letu la kulindia mpunga bondeni, miguu nimeining'iniza, na maji yamepanda mpaka kwenye vipandio vya chini vya ngazi. Ungekuwa hapa ungesema bado, huu mto haujaanza. Leo ni Jumamosi. Simu ndiyo inasema, na safari hii simu ina chaji, maana Fidelis amefunga kisola kidogo juu ya paa la nyasi. Kwa hiyo siwezi kujidanganya kuhusu siku. Lakini jembe sijalishika tangu asubuhi. Nimeoga, nimevaa gauni langu la kanisani, nimekaa. Nakushikia Jumapili yako.

Umetimiza mwaka huko uliko. Watu waliniambia mwaka ukipita moyo utapoa. Wangu haujapoa, Mama, na sina haraka ya kuupoza.

Nikupe kwanza habari za shamba, najua ndizo ungeziuliza. Mpunga umeshika, isipokuwa ule upande wa kichuguu ulioungua na jua kabla mvua hazijakolea. Ndago hazina haya, tunapalilia nyuma zinaota mbele. Mbegu ni ileile supa yako uliyoiacha ghalani, Fidelis hakutaka kusikia habari ya mbegu nyingine. Ng'ombe hawajaingia. Najua ungeuliza kwa utani wako kama ndugu zangu Wasukuma wameshakula shamba. Mwaka huu hawajala, baba yangu alipita na kundi lake mbali kabisa na akaniomba nikueleze hivyo kaburini. Nilikueleza. Watoto tumewaacha kijijini kwa wifi kwa sababu ya shule, na dungu limekuwa kimya kuliko ninavyopenda.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilitoka kwenye kaya ya ng'ombe. Kwetu mwaka ulikuwa na majira mawili, ya majani na ya vumbi, na Mungu alitajwa pale tu ng'ombe alipougua. Ulinipokea mlangoni ukaniambia "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma uliyofundishwa na mtu asubuhi ileile ili nisijione mgeni. Ni salamu ya asubuhi, na mimi nilifika jioni jua linazama. Sikukusahihisha. Miaka yote ile ukawa unanisalimia mwangaluka asubuhi, mchana na jioni, na mimi nikawa naitikia.

Hukunifundisha dini kwa kitabu. Ulinifundishia kwenye matope. Nilipouliza Majilio ni nini, ulininyooshea kidole mashamba yaliyolimwa yanasubiri mvua, ukasema ndiyo hii, kukaa umetayarisha na hujui ni lini. Krismasi tuliikuta mikono ina vumbi la mbegu. Kwaresima uliicheka kidogo. Ulisema Kanisa lina akili sana, limeweka mfungo wakati ghala ni tupu, kwa hiyo hata mwenye tamaa anafunga. Kisha ulikuwa unainama kwenye palizi na kila gugu sugu unalipa jina la dhambi, hili wivu, hili uvivu, hili ulimi, na ya ulimi ndiyo yalikuwa mengi. Pasaka ulinipeleka kuona mpunga umebeba mimba. Ulipasua bua moja kwa ukucha, ukanionyesha suke changa jeupe limejikunja ndani. Mwaka ule nilibatizwa. Padri alinipa jina la Martha, wewe ukaendelea kuniita Kabula, kwa sababu ulishajua ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua na ukasema maji yalikuwa yameniwahi.

Na Pentekoste, Mama. Tumeshapura, tumesimama na ungo, upepo hakuna. Wewe unainua uso unaita, "Njoo Roho Mtakatifu, mpunga unasubiri." Ukija upepo unacheka, usipokuja unakaa chini unakunja miguu na kuchambua dagaa. Mimi nilijua huo ndio Ukristo. Sikujua kuna mwingine wa mahudhurio.

Kile kipande cha jembe bado kinaning'inia kwenye nguzo ya dungu. Saa sita mchana ulikuwa unakigonga, ndege wanaruka, sisi tunasimama palepale matopeni kusali Malaika wa Bwana. Ulisema kengele moja inafanya kazi mbili, kufukuza ndege na kumwamkia Bikira Maria. Naendelea kukigonga. Kimeliwa na kutu ila sauti bado ipo.

Sasa nifike kwenye lile linalonichoma.

Masika ya mwaka juzi simu ya Fidelis ilitumbukia majini na betri za redio zikafa. Ukasema siku utazishika wewe kichwani, ndivyo mama yako alivyozishika bondeni kabla ya simu na redio. Ukazishika vizuri mpaka ilipokuja ile mvua ya giza. Ilianza alfajiri, mchana ukawa hauna tofauti na usiku, tukala kiporo, tukajifunika, tukalala wote watatu, wewe, mimi na Fidelis, watoto wako kijijini. Tulipoamka mvua imekatika, mwanga ni hafifu, na yule jogoo wetu mpumbavu akawika. Tukajua kumekucha. Tukapika uji, tukanywa, tukashuka kupalilia. Hatukufika mbali giza likaingia. Ukanyoosha mgongo ukasema, "Siku za mfungo mwaka huu ni fupi." Kumbe ilikuwa jioni ya siku ileile. Siku moja tuliihesabu mara mbili, na kuanzia hapo Jumapili yetu ikawa inaangukia Jumamosi ya watu wengine.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anapeleka samaki Malinyi alitupita Jumamosi akatukuta tumeoga, tumekaa, tunaimba. Kesho yake anarudi akatukuta tumeinama tunapalilia. Hakuuliza. Angeuliza tungecheka pamoja na mambo yangeishia majini. Alikwenda nayo mpaka kijijini.

Halafu ikaja Jumapili ya Matawi. Tulitoka bondeni kwa mtumbwi, tukaunganisha kwa miguu, matawi mikononi, wewe mbele unaongoza wimbo. Tukafika kigangoni tukalikuta kanisa limefungwa na mbuzi wamelala mlangoni. Watu wanapita na majembe begani wanatuangalia. Fidelis akamuuliza mtoto mmoja leo ni siku gani, na mtoto akasema Jumamosi. Ulikaa kwenye ngazi za kanisa, tawi lako mapajani, ukacheka mpaka ukajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa nimeona aibu, nikasema, sasa Mama, Jumapili zote zile tulizosali je? Ukaniambia, "Alikuwepo siku zote mbili, mwanangu. Angekwenda wapi na maji yote yale?"

Kesho yake tulirudi na matawi yaleyale yamenyauka. Mama Filomena, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akatupokea mlangoni kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kwaya: "Karibuni. Leo ni Jumapili yetu, yenu ilikuwa jana." Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Siku ile ulikuwa utani, nakubali. Lakini ukaendelea wakati sisi hatupo. Jumuiya wanasali Jumatano nyumba kwa nyumba, na sisi masika nzima tuko bondeni. Akiulizwa Mama Fidelis yuko wapi, Mama Filomena anajibu, yuko na Wasabato wenzake. Mwishowe waliokuwepo mlangoni wakasahau kwamba ni utani, na wasiokuwepo wakaamini.

Nilikuomba ukaeleze. Nilikuomba zaidi ya mara moja. Ukasema, "Waache wacheke, wakichoka wataacha." Hawakuchoka, Mama. Na nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Ulikuwa na mdomo wa kumwita Roho Mtakatifu aje apepete mpunga, ukakosa mdomo wa kumwambia mwanamke mmoja kwamba mvua ilitupoteza siku.

Ulianguka kwenye palizi, Kwaresima ya mwaka jana, gugu liko mkononi. Presha, walisema. Tulikulaza kwenye mtumbwi, Fidelis anasukuma upondo analia kwa sauti, mimi nimeshika kichwa chako. Ulifumbua macho mara moja, ukaniambia mwangaluka. Ilikuwa jioni, kama siku ya kwanza. Tulipopata gari la kwenda Ifakara ulikuwa umeshaondoka.

Fidelis alikwenda mwenyewe kwa Mama Filomena. Unajua paroko ana vigango vingi, haji kuzika mpaka mwenyekiti wa jumuiya aseme marehemu ni wetu. Akamkuta anapepeta mchele. Hakusimama. Akamwambia, "Baba, mimi nimpelekee paroko maiti ya Msabato?" Fidelis akaanza kueleza habari ya mvua ya giza na jogoo, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyoonekana ni uongo wa kutunga. Mtu mzima, mama yake amelala ndani, anaeleza habari ya jogoo. Akarudi akaniambia hawaji.

Walikuja, lakini kama majirani. Walikaa kwenye mikeka, walikunja mikono, walikula wali wa mpunga wako. Kwaya nzima ilikuwepo uani na hakuna aliyefungua mdomo. Hata Wasabato wa barabarani walituma mtu kwa upole kuuliza, maana walisikia wana muumini aliyefariki na wao hawamfahamu. Walikuwa wastaarabu kuliko sisi. Kaburini palipokuwa kimya mno nilisogea mbele mimi, binti wa ng'ombe, niliyebatizwa ukubwani. Nikaanza ile sala ya raha ya milele na sauti ikakatika katikati. Aliyeitikia ni Fidelis peke yake. Baba yangu, ambaye hajui hata kufanya ishara ya msalaba, akasema amina mahali pasipo pake. Ndiyo misa uliyopata.

Tangu siku ile Mama Filomena nikawa simpi shikamoo. Tumepishana kisimani, sokoni, kwenye mashine ya kukoboa, natazama mbele. Unajua ilivyo nzito hiyo kwa kijiji chetu, mtu mzima unampita kama kisiki. Kanisani nakwenda, nakaa nyuma, natoka kabla ya matangazo. Watu wanadhani nimepoa. Mungu wako wa bondeni bado namwona, Mama, namwona kwenye bua la mpunga na kwenye upepo unaochelewa. Huyo wa kwenye mahudhurio ya jumuiya ndiye ninayeshindwa kumwona, na nimeacha kumtafuta.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mwaka huu shamba la Mama Filomena la karibu na kijiji wamegawana wanawe. Yeye mjane wakamtupia kipande cha huku, ng'ambo ya matete, mwendo mfupi wa mtumbwi kutoka kwetu. Mwanamke aliyekuwa anajisifu hajakosa jumuiya hata moja, sasa yuko bondeni tangu kupanda, peke yake kwenye dungu linaloinama. Kwa mbali nakiona kitenge chake chekundu. Sikumpungia mkono. Nilisema moyoni, na wewe uonje.

Jumamosi iliyopita Fidelis alikuwa amekwenda kijijini kuona watoto. Nikasikia upondo unagonga kwenye matete, nikamwona anakuja, ameloa, mtumbwi unayumba. Alikuja kuomba moto, viberiti vyake vimelowana. Mtu aliyekuja kwa maji hawezi kupitwa kama kisiki, hiyo ulinifundisha wewe. Nikamwambia shikamoo. Ilinitoka kwa shida, na yeye akaitikia marahaba upesi kana kwamba alikuwa ameishika mdomoni mwaka mzima. Nikampa moto, nikampa na uji. Alikunywa, halafu akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mwanangu, leo ni siku gani? Simu imekufa. Nimepotewa."

Mama, nilikuwa nimeishika simu mkononi. Imeandikwa Jumamosi. Nilitazama ile simu, nikatazama nguzo uliyokuwa unaegemea, nikamwambia, "Leo ni Jumapili."

Alishtuka. Akasema mimi nimetoka kupalilia asubuhi yote, Mungu anisamehe. Akatafuta leso, akajifunga kichwani, akaniomba tusali. Nikamwachia aongoze. Na hapo ndipo nilipoumia upya, kwa sababu anasali vizuri. Nilitaka asali vibaya. Alisali kwa utulivu, akawaombea wanawe waliomtupa huku, akaombea mpunga wa kila mtu, na alipofika kwa marehemu akakutaja. Akasema, "Na Mama Fidelis, aliyelima hapa." Mdomo uleule, Mama. Jina ambalo lilimshinda kulipeleka kwa paroko lilimtoka juu ya dungu lako, Jumamosi, akiwa amepiga magoti kwenye mbao ulizozipiga misumari wewe. Niliitikia. Sijui niliitikia kwa upendo au kwa kisasi, na sijajitesa kutafuta jibu.

Kesho yake, Jumapili yenyewe, nilikaa nikamtazama. Kitenge chekundu kimeinama kwenye palizi tangu kunakucha. Mwenyekiti wa jumuiya analima siku ya Bwana, na mimi peke yangu bonde zima ndiye ninayejua. Saa sita nikagonga jembe. Akanyooka, akafanya ishara ya msalaba, akasali akiwa amesimama matopeni, akainama tena. Alikuwa anafanana na wewe kwa nyuma. Hilo sikulipenda.

Fidelis aliporudi nikamsimulia. Alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa hajacheka tangu tulipokuzika. Aliponiuliza kama nitakwenda kumwambia, nilisema bado.

Na leo ndiyo hii Jumamosi tena. Naandika huku namwona. Hajashuka shambani. Ameoga, amevaa leso nyeupe, amekaa mlangoni pa dungu lake anaimba, na upepo ukigeuka namsikia. Anashika Jumapili yako. Mvuvi akipita sasa hivi atatukuta Wasabato wawili, huyu huku na yule kule, na akiwa na ulimi kama wa yule wa mwaka juzi, kesho kijiji kizima kitajua.

Lakini sitamwachia mvuvi. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Kabla ya Matawi nitavuka na mtumbwi, nimwambie leo ni siku gani kweli, nimchukue tutoke pamoja ili asikute kanisa limefungwa na mbuzi mlangoni. Hilo nitamfanyia, kwa sababu wewe ungemfanyia. Ila baada ya Misa, wote wakiwa bado uani na paroko hajapanda pikipiki yake, nitasimama. Sitasema nyuma yake. Yeye akiwa pale na leso yake, nitasema: mwenyekiti wetu amesali Jumamosi na kulima Jumapili, bondeni, kwa kupotewa siku. Nitauliza kama Mungu alimsikia. Wakisema hakumsikia, basi wamfute na yeye. Wakisema alimsikia, nitamwambia paroko avae stola yake aje na mimi makaburini, kwaya nyuma, na Mama Filomena ndiye atakayeanzisha wimbo. Sitamwomba. Nitasimama pale mpaka aanze.

Sijui kama huo ni Ukristo ulionifundisha. Pengine ungenikataza. Ungesema waache, wakichoka wataacha. Mimi sitawaacha, Mama, na wewe hupo wa kunizuia.

Jua linaanguka, mwanga unanitoka. Fidelis anarudi kutoka kutega mitego ya kambale, nasikia upondo wake. Wewe lala. Mpunga tutauvuna, upepo tutausubiri kwa ungo wako, na suke la kwanza sitalipeleka kanisani mpaka lipite kwako.

Mwangaluka, Mama. Huku ni jioni.

Kabula wako